Sura ya Nne: Mtoto Yupi?

Tarehe 4 Septemba 1893, Beatrix Potter wa London alikuwa mapumzikoni na wazazi wake Dunkeld, kule Uskoti. Alikuwa na miaka 27, hajaolewa, na muda wake mwingi siku zile aliutumia kuchora uyoga. Siku hiyo alitaka kumwandikia barua Noel Moore, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mama yake Noel aliwahi kuwa mwalimu wa nyumbani wa Beatrix, na urafiki wao haukukatika hata baada ya mwalimu kuolewa na kupata watoto. Shida ilikuwa moja: hakuwa na la kuandika. Mtoto wa miaka mitano umwandikie nini, hali ya hewa? Akaamua kumpa hadithi ya sungura wanne wadogo, akichora kila tukio kwa kalamu katikati ya maneno. Kesho yake, tarehe 5, akamwandikia Eric, mdogo wake Noel, barua nyingine kuhusu chura anayekwenda kuvua samaki. Nadhani alijua vizuri kinachotokea katika nyumba yenye watoto wawili pale tarishi anapoleta barua ya mmoja.

Barua hizo mbili zilizaa vitabu viwili. Cha sungura, yule Peter Rabbit anayejulikana duniani kote, kilitoka 1902. Cha chura kikafuata 1906. Katikati hapo kuna habari ya kazi ngumu. Noel aliitunza barua yake, na miaka kadhaa baadaye Beatrix akamwomba amwazime ainakili. Alirefusha hadithi, akaongeza picha, akaituma kwa wachapishaji, wakaikataa mmoja baada ya mwingine. Kikwazo kimojawapo kilikuwa ukubwa. Yeye alitaka kitabu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto, tena cha bei ndogo. Desemba 1901 akatoa fedha zake mwenyewe na kuchapa nakala 250. Ndipo kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa miongoni mwa waliokataa, ikarudi mezani na sharti la picha za rangi.

Katika kitabu hicho, karibu na mwanzo kabisa, mama sungura anawakataza wanawe kuingia shamba la Bwana McGregor. Sababu anayoitoa ni kwamba baba yao alipatwa na balaa humo, akaishia kuwa pai mikononi mwa mke wa mkulima. Jambo hilo halifafanuliwi wala halipozwi. Hadithi inapita na kuendelea. Mtu anayeandikia watoto wote wa nchi yake angeogopa kuiacha sentensi ile. Potter alikuwa akimwandikia Noel, na Noel alimjua. Mwaka 1905 alimwambia mchapishaji wake, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba huenda siri ya mafanikio ya Peter Rabbit ni kuwa aliandikiwa mtoto halisi, hakutengenezwa kwa oda.

Hilo la oda tutalirudia.

Waandishi wa watoto wakialikwa shuleni au kwenye maonyesho ya vitabu huulizwa swali lile lile: mawazo unayatoa wapi? Wengine hujibu kwa kutaja ilhamu, neno tamu ambalo halimsaidii mtu anayekabili karatasi tupu. Wengine husimulia kisa kilichonyooka mno, kwa sababu wamekisimulia mara nyingi hata kimepigwa pasi. Mimi ningependa waulizwe vingine. Ningependa waulizwe: mtoto yupi? Maana ukichimba chini ya vitabu vilivyodumu, mara nyingi mno unamkuta mtoto mmoja mwenye jina, aliyechoka, mgonjwa, au aliyefungiwa ndani na mvua, anayemdai mtu mzima hadithi papo hapo.

Karin Lindgren alikuwa na miaka saba, yuko kitandani na ugonjwa wa mapafu, Stockholm, mwaka 1941. Alimwambia mama yake, Astrid, amsimulie habari za Pippi Soksi Ndefu. Jina hilo Karin alilitunga dakika ile ile. Astrid hakuuliza Pippi ni nani. Jina lilikuwa la ajabu, akaona msichana mwenyewe lazima awe wa ajabu, akaanza kusimulia. Aliendelea kusimulia kwa miaka. Halafu Machi 1944 akateleza kwenye theluji, akaumia kifundo cha mguu, akalazimika kulala. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani na alijua hati mkato, kwa hiyo akatumia siku za kulala kuandika Pippi kwa alama hizo za haraka. Tarehe 21 Mei, Karin alipotimiza miaka kumi, muswada ukawa zawadi yake. Mchapishaji mkubwa wa Uswidi, Bonniers, aliukataa. Mwaka uliofuata ulishinda shindano la mchapishaji mwingine na kuwa kitabu.

Msichana anayeishi peke yake na nyani na farasi, mwenye nguvu za kumbeba farasi huyo, asiyekwenda shule, ambaye polisi wakija kumchukua anawakimbiza juu ya paa. Muulize mtu mzima aketi apange kitabu cha kuwafaa watoto uone kama atakipanga hicho.

Na kuna ile safari ya mtumbwi ya 4 Julai 1862, mtoni karibu na Oxford. Mwalimu wa hisabati Charles Dodgson, ambaye dunia inamjua kwa jina la Lewis Carroll, rafiki yake mmoja, na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith. Hadithi ilitungwa huku makasia yakienda. Alice, wa miaka kumi, akaomba iandikwe. Alisubiri hadi Novemba 1864 kupata nakala ya mkono, na 1865 kikatoka kitabu. Watoto wetu walikipata 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Ila kuna kitu kidogo ambacho visa vya namna hii hukiacha nje: karamu ya chai ya wendawazimu, sehemu ambayo hata asiyesoma kitabu ameisikia, haimo katika nakala ile aliyopewa Alice. Iliongezwa baadaye mezani, pamoja na yule paka anayebaki tabasamu tupu. Mtoto alikizindua kitabu. Kukimaliza ilikuwa kazi ya mwandishi peke yake, usiku.

Mtoto wa namna hii hulipa gharama, na waandishi hawapendi kuisema. Christopher Robin Milne alizaliwa 1920. Dubu wake wa kuchezea alipewa jina Winnie kutokana na dubu wa kweli katika bustani ya wanyama ya London. Dubu huyo alikuwa ameletwa kutoka Kanada na daktari wa mifugo wa jeshi aliyemnunua kwa dola 20 mwaka 1914 na kumwita kwa kifupi cha mji wake, Winnipeg. Baba yake, A. A. Milne, aliwachukua dubu, punda, nguruwe na wanasesere wengine wa mtoto, akawaweka katika msitu wa Ashdown, jirani na nyumba yao ya mashambani, na 1926 Winnie-the-Pooh akatoka. Akamchukua na mtoto pia, kwa jina lake halisi. Katika shule ya bweni wenzake Christopher walikuwa na santuri ya shairi la baba yake linalomhusu yeye akisali, wakawa wanaipiga na kumcheka. Alikuwa mtu mzima mwenye duka la vitabu huko Dartmouth alipoandika kumbukumbu zake, 1974, na uchungu bado umo ndani yake. Wateja waliingia dukani kumtazama. Na vitabu vya baba yake, bila shaka, alilazimika kuviuza.

Alastair Grahame ni kisa cha huzuni zaidi. Baba yake, Kenneth, alimsimulia, na kisha kumwandikia kwa barua, vituko vya chura tajiri mwenye wazimu wa magari. Yaya akazitunza barua hizo, na 1908 kikatoka The Wind in the Willows. Alastair alikufa relini huko Oxford, Mei 1920, siku chache kabla ya kutimiza miaka ishirini. Sisemi kitabu kilimuua. Nasema tu kwamba mtoto aliyezaa kitabu anaendelea kukua, na kitabu hakikui naye.

Si kila mara mtoto huomba. Mara nyingine mtoto na mtu mzima wanachezea kitu kimoja, na kitu chenyewe ndicho kinachosema. Kiangazi cha 1881, Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, Uskoti, nyumba imejaa jamaa na mvua haikatiki. Mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, mwenye miaka 13, alikuwa na rangi za maji. Wakachora ramani ya kisiwa. Stevenson akaipaka rangi, akaandika majina ya ghuba na vilima, akaitazama, na watu wakaanza kuonekana katikati ya miti. Akaandika sura moja kwa siku na kuwasomea jioni. Lloyd alikuwa na sharti lake: wanawake wasiwemo. Baba mzazi wa Stevenson, mhandisi wa minara ya taa za baharini, mzee wa heshima zake, naye akatekwa. Yeye ndiye aliyeorodhesha vitu vya kuwekwa katika kasha la yule baharia wa mwanzo wa hadithi. Baada ya sura kumi na tano kisima kikakauka ghafla, na hadithi ilimaliziwa Davos, Uswisi. Hiki ndicho Kisiwa Chenye Hazina, ambacho wazee wetu walikisoma shuleni kwa tafsiri ya Frederick Johnson ya miaka ya 1920. Cha kuchekesha ni kwamba ramani yenyewe ilipotea ilipotumwa kwa mchapishaji. Stevenson akalazimika kukipitia kitabu mstari kwa mstari na kuchora ramani mpya inayolingana na maneno, na hakuwahi kuipenda kama ile ya kwanza.

Eric Carle alikuwa akichezea panchi, ile mashine ya ofisini ya kutoboa karatasi. Alitoboa rundo la karatasi, akatazama matundu, akafikiria mdudu anayekula vitabu. Muswada wake wa kwanza ulimhusu mnyoo. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakumpenda mnyoo, akauliza kwa nini asiwe kiwavi; Carle akajibu kwa neno moja, kipepeo, na kitabu kikawa kimepata mwisho wake. Hiyo ni 1969, na kwa sababu kutoboa kurasa kulikuwa ghali mno Marekani, kilichapwa Japani. Wahariri hawatajwi sana katika visa vya ilhamu. Maurice Sendak alikuwa amepania kuandika kitabu cha farasi mwitu, na mhariri wake Ursula Nordstrom alikisubiri, mpaka ikabidi akiri kwamba farasi hawezi kuwachora. Akachora alichokijua: wajomba na mashangazi zake, wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, waliokuja kula kwao Brooklyn siku za Jumapili, wakamfinya mashavu, wakamwinamia kwa meno mabovu na kumwambia ni mtamu kiasi cha kuliwa. Hao ndio majitu ya kitabu chake cha 1963. Mtoto wa kitabu hicho, ukimtafuta, ni Sendak mwenyewe aliyekaa kwenye kiti akiomba chakula kiive haraka wageni waende zao.

Hapa yatupasa kumtazama mtu aliyewahi kuishi kwetu. Roald Dahl alishuka meli Mombasa 1938, akaendelea hadi Dar es Salaam kuifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Alikuwa kijana wa miaka 22, mrefu kupita kiasi. Alijifunza Kiswahili. Aliona simba, aliona songwe wa kijani ndani ya nyumba ya watu na mzee aliyeitwa kuja kumkamata, na vita vilipozuka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Ungetarajia kwamba mtu wa namna hiyo, akija kuandikia watoto, angejaza vitabu vyake mambo ya Tanganyika. Hakufanya hivyo. Ukimwondoa mamba wake mkubwa mwenye tamaa wa 1978, anayeishi katika mto wa Afrika usio na jina, Tanganyika yake ilikaa kimya karibu nusu karne, ikatokea 1986 katika Going Solo, ambacho ni kumbukumbu za maisha.

Kilichompa kitabu chake mashuhuri zaidi kilitokea kabla ya hapo, shuleni Repton. Mara kwa mara kampuni ya Cadbury ilimpelekea kila mvulana boksi la kijivu lenye vipande kumi na viwili vya chokoleti, kila kimoja na namba yake, wavionje na kutoa maksi na sababu. Dahl alivichukulia kwa uzito mkubwa, na akawa anaota ndoto za mchana kuhusu chumba cha siri kiwandani ambamo watu wazima waliovaa makoti meupe huvumbua chokoleti mpya. Miaka thelathini na kitu baadaye, akiwa baba anayesimulia wanawe kila usiku, chumba kile kikafunguka, na 1964 kikatoka kitabu cha Charlie. Nimelifikiria sana jambo hili. Songwe wa Dar es Salaam alikuwa wa kuogofya kuliko chokoleti yoyote, ila Dahl alimwona akiwa mtu mzima. Chokoleti aliipokea akiwa na umri wa kuitamani. Mtu hachagui kipi kimzame, huja kukigundua mtoto wake mwenyewe anapouliza, "Halafu?"

Na "halafu" hiyo sisi tunaijua vizuri. Aliyelelewa na bibi anakumbuka kwamba hadithi haikuwa ya bibi peke yake. Mjukuu alikuwa na kazi ya kuitikia, na asipoitikia bibi alinyamaza, akauliza kama kuna mtu amelala. Mjukuu akiuliza fisi alikuwa mkubwa kiasi gani, fisi alipewa ukubwa. Akiogopa mno, zimwi lilianguka mtoni mapema kuliko jana.

Jinsi wasikilizaji wanavyoibadili hadithi inaonekana wazi katika kisa kimoja cha pwani ambacho Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alikisikia huko na kukichapa 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili. Kima anaishi juu ya mkuyu ambao matawi yake yameinamia bahari. Papa huja chini ya mti, kima humtupia matunda, wakawa marafiki. Siku moja papa anamkaribisha kima nyumbani, anambeba mgongoni, na walipofika kilindini anamweleza ukweli: sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hatetemeki. Anajibu kwamba kima wakitoka matembezini huiacha mioyo yao mtini, basi warudi wakauchukue. Wakirudi, kima anaruka tawini na hashuki tena, na papa akizidi kumwita, anamsimulia habari za punda wa dobi asiye na moyo wala masikio.

Kisa hicho ni cha kale sana. Kimo katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti cha Bara Hindi, na humo rafiki wa majini ni mamba, mti ni mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Karne ya sita kikapelekwa Uajemi, karne ya nane Ibn al-Muqaffa akakiweka katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, na humo mamba amekuwa kobe na mti umekuwa mtini. Kilipofika kwetu, yaelekea kwa midomo ya mabaharia na wafanyabiashara waliokuja na kaskazi kuliko kwa vitabu, kobe akawa papa, na mke mwenye wivu akawa sultani mgonjwa. Punda wa dobi alisafiri njia yote bila kubadilika, hata dobi wake yumo katika Kisanskriti. Ila yule mbweha anayemlaghai punda ampeleke kwa simba, kwetu ni sungura. Angekuwa nani mwingine?

Nani aliyembadilisha kobe kuwa papa? Hakuna jina lililobaki. Ila ninaweza kumwona kwa kiasi fulani: mtu wa pwani, Lamu au Unguja, mbele ya watoto waliokwishakatazwa kuogelea kilindini kwa sababu ya papa. Kobe angewafaa nini? Alitazama waliokaa mbele yake, akabadili mnyama. Ndiyo kazi ile ile aliyoifanya Potter kwa kalamu yake.

Basi hazina tunayo, na wasikilizaji tunao. Kwa nini basi vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili vinasahaulika mtihani ukipita? Jibu langu ni hilo neno la Potter. Vingi ni vya oda. Mwandishi anapata habari kwamba vinatafutwa vitabu vya ziada vya darasa la tatu. Anapewa mada, anapewa idadi ya maneno, na swali la kwanza analoulizwa ni: funzo ni lipi? Usafi. Utii. Athari za dawa za kulevya. Kisha anatafutwa mtoto wa kulibeba funzo, anapewa jina, Juma au Amina, na kosa moja la kutubu ukurasa wa mwisho. Juma huyo hana hata kidonda gotini. Hakuna aliyemwona.

Sidharau shule. Bila shule vitabu hivyo vingeuzwa wapi? Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, uliwasaidia wachapishaji na waandishi wengi kutoa vitabu vya Kiswahili wakati ambapo soko lilikuwa karibu kufa, na baadhi ya vitabu hivyo ni vizuri hasa. Wala funzo lenyewe si sumu. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoanza kuwaandikia watoto hadithi za Njamba Nene kwa Kikuyu, 1982, alikuwa na la kufundisha na hakulificha: lugha ya mama isidharauliwe, na waliopigania ardhi wasisahauliwe. Tofauti ni kwamba alikuwa na mtoto wake. Alisoma wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, katika shule ambako aliyekamatwa akizungumza Kikuyu alichapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Njamba Nene, maskini anayechekwa na wenzake darasani, ametoka huko. Naye Ken Walibora katika Ndoto ya Amerika aliwafuata wavulana wawili walioamua kwenda Marekani. Ni kichekesho na ni kilio, na kila aliyekulia kijijini Kenya anawajua wale wavulana kwa majina mengine.

John Kilaka, mchoraji na mwandishi wa Tanzania, alichukua njia ya Steere, ila yeye ni mwenyeji. Huenda vijijini kuwasikiliza wazee na kurekodi, kisha anarudi kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, wanyama wake wakiwa wamevaa suruali na kanga na kubeba vikapu. Katika hadithi ya mti wa ajabu, ukame umeingia na kuna mti mmoja tu wenye matunda, ila hayaanguki mpaka mtu alitaje jina lake. Wanyama wakubwa wanatumwa kwa kobe mwenye hekima kuuliza jina, na njiani wanalisahau. Sungura anayeambiwa ni mdogo mno ndiye anayelifikisha. Msomee mtoto wa miaka minne hadithi hii naye atalishika jina la mti kabla yako, kwa sababu mtungaji wa kwanza, bibi wa nani sijui, alilitengeneza jina gumu linalochezea ulimi makusudi ili msikilizaji ashindane na tembo.

Kisa cha mwisho ni cha kwetu. Mwishoni mwa 2004 viboko walikuwa wamesombwa na mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba yalipopita, alibaki mmoja tu, mchanga, amekwama kwenye miamba. Siku iliyofuata wavuvi na wakazi walihangaika naye kwa nyavu na kamba. Mtoto huyo alikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270, na hakuna aliyeweza kumshika mpaka mwanamume mmoja aitwaye Owen alipojitupa juu yake, ndipo kiboko akapewa jina hilo. Alipelekwa Bustani ya Haller, Bamburi, iliyopandwa katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji. Alipofunguliwa tu, alikwenda moja kwa moja kujibanza nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130. Wafanyakazi walimwita Mzee. Mzee alifoka na kujikokota kwenda zake, kiboko akamfuata, akasogea tena, akafuatwa tena. Kulipopambazuka walikuwa wamelala pamoja. Baadaye walikula pamoja na kuogelea pamoja, na Mzee alikuwa akimbana Owen mkia kwa mdomo kumhimiza atembee.

Peter Greste, mwandishi wa habari aliyekuwa Kenya, aliwapiga picha, na picha zikazagaa dunia nzima. Watu wazima walizitazama, wakatabasamu, wakafungua ukurasa wa michezo. Huko New York msichana wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliiona picha gazetini na kumshikilia baba yake, Craig, kwamba hadithi hiyo lazima iandikwe. Wakawatafuta Greste na Paula Kahumbu, mwanaikolojia wa Kenya aliyekuwa akiisimamia bustani ile. Kwanza kikatoka kitabu cha kompyuta, kisha 2006 kikachapwa kwenye karatasi, na mwaka uliofuata kikafuata cha pili. Majina ya Isabella, Craig na Paula yako juu ya jalada.

Nafurahi kwamba Mkenya alikuwamo. Lakini Bamburi ni matatu moja tu kutoka katikati ya Mombasa, na shule zilikuwa zikipeleka watoto pale kila wiki kumtazama Owen. Walishika uzio, wakauliza maswali, wakarudishwa darasani kwa ajili ya somo la usafi.